Uzi: Kisanskriti kwa anayesomea Ayurveda, kinahitajika wapi hasa na kwa kiasi gani

Mwanasarufi (mleta uzi)

Wadau, salaam. Anayekwenda India kusomea shahada ya Ayurveda, tiba ya jadi ya huko, ile ya BAMS yenye miaka minne na nusu ya darasani na mwaka mmoja wa mafunzo kazini, hukutana na Kisanskriti, lugha ya kale ya India, tangu mwaka wa kwanza. Wengi hukichukulia kama somo la kuvukia mtihani, kisha hurudi kwenye tafsiri za Kihindi au Kiingereza na hawakigusi tena. Nafungua uzi huu kuonyesha mahali hasa ambapo lugha hii inashika dawa yenyewe. Mambo matatu huharibika ukikosa Kisanskriti: vipimo, majina ya mimea, na ukanushi. Mengine unaweza kuyapata kwa tafsiri nzuri bila hasara kubwa.

Vitabu vikuu ni vitatu: Charaka Samhita yenye sura 120, Sushruta Samhita yenye sura 120 pamoja na nyongeza ya sura 66, na Ashtanga Hridaya ya Vagbhata yenye sura 120. Baada ya hivyo vinakuja vitatu vidogo: Madhava Nidana wa kutambua maradhi, Sharangadhara Samhita wa kutengeneza dawa, na Bhavaprakasha wa karne ya 16 ambao sehemu yake ya mimea husomwa mpaka leo. Sehemu kubwa ya maandiko haya ni tungo. Bahari inayotumika zaidi ni anuṣṭubh: vipande vinne vya mizani 8, yaani mstari mmoja una mizani 16 na pumziko katikati. Aliyezoea shairi letu la mizani 8 kwa 8 ataishika haraka. Tofauti ni kwamba hakuna vina, na silabi hupimwa kwa uzito wake: kwa kawaida ya tano ni nyepesi na ya sita ni nzito. Hesabu hiyo ni chombo cha kazi. Ukinakili mstari wa dawa ukapata mizani 14, jua umeangusha neno, na neno hilo huenda ni kiungo.

Sasa mfano kamili. Sitopalādi ni unga wa kikohozi na pumu, upo katika Charaka, sehemu ya tiba, sura ya 8. Andiko linataja viungo vitano kwa mpangilio: sitopalā (sukari ya mawe), tugākṣīrī (unga mweupe unaopatikana ndani ya mianzi), pippalī (pilipili ndefu), bahulā (iliki) na tvac (mdalasini). Halafu mstari mmoja tu unatoa vipimo vyote:

*antyād ūrdhvaṃ dviguṇitaṃ lehayen madhusarpiṣā*

Antyāt ni "kuanzia cha mwisho", ūrdhvam ni "kwenda juu", dviguṇitam ni "kikizidishwa mara mbili". Kwa hiyo mdalasini ni sehemu 1, iliki 2, pilipili ndefu 4, unga wa mwanzi 8, sukari ya mawe 16. Jumla sehemu 31. Ukianza na gramu 10 za mdalasini utapata iliki gramu 20, pilipili ndefu 40, unga wa mwanzi 80 na sukari 160, jumla gramu 310. Asiyeona kwamba antyāt iko katika hali ya "kutoka" huanza kuhesabu juu kwenda chini. Anapata mdalasini sehemu 16 na sukari sehemu 1. Unga huo utamchoma mgonjwa koo na tumbo badala ya kumtuliza.

Neno bahulā nalo ni mtego. Kwa Kisanskriti cha kawaida lina maana ya "nyingi", na msomaji wa kamusi ya jumla hulibandika kwenye pippalī, akapata "pilipili ndefu nyingi". Iliki inapotea, viungo vinabaki vinne, na ngazi nzima ya kuzidisha inateleza.

Mwisho, madhusarpiṣā ni "pamoja na asali na samli". Umbo hilo halisemi kiasi. Kiasi unakipata kitabu hichohicho, sehemu ya kwanza, sura ya 26, panapokatazwa asali na samli kwa uzito sawa. Kwa hiyo mchanganye kwa viwango visivyolingana, na asali isipashwe moto.

Kitunguu Thaumu

Mkuu, somo limekaa vizuri. Ila Charaka imeshatafsiriwa pamoja na maelezo ya mfafanuzi wake Chakrapani, na Sushruta ina tafsiri ya Kiingereza tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Kama mfasiri ameshafungua hiyo "kutoka cha mwisho kwenda juu", mimi nahangaikia nini na lugha nzima? Naomba mifano ya utengenezaji, maana huko ndiko kosa linaonekana kwa macho.

Jiko la Mizizi

Ndugu Kitunguu Thaumu, tuingie jikoni. Tafsiri zipo, na nyingine ni nzuri sana. Tatizo ni kwamba tafsiri mbili zikitofautiana huna wa kukuamulia isipokuwa andiko. Nakupa sehemu mbili ambazo wanafunzi huharibu.

Ya kwanza ni kashāya, dawa ya kuchemsha. Sharangadhara anasema kwa pala moja ya dawa weka maji ṣoḍaśaguṇa, yaani mara 16, chemsha katika chungu cha udongo, kisha chukua aṣṭamāṃśāvaśeṣitam. Pala moja kwa ulinganisho unaotumika sasa India ni gramu 48, hivyo maji ni mililita 768. Neno lile refu ni maneno matatu yaliyogandana: aṣṭama (ya nane), aṃśa (sehemu), avaśeṣita (iliyobakishwa). Yaani ibaki sehemu moja ya nane: mililita 96. Anayelikata vibaya husoma "ipungue sehemu ya nane", akaondoa sufuria motoni ikiwa bado na mililita 672. Hiyo ni chai nyepesi. Mgonjwa akipewa kipimo kilekile cha kunywa, anapata sehemu ndogo tu ya nguvu iliyokusudiwa.

Katika mstari huohuo kuna neno kṣuṇṇa, "iliyopondwa". Ni kupondwa vipande vikubwa kama chenga, si kusagwa. Ukitumia unga laini, dawa inakuwa uji, inashika chini, na kitambaa cha kuchujia kinaziba.

Ya pili ni samli na mafuta ya dawa. Kanuni ya Sharangadhara: samli au mafuta yawe mara nne ya kalka, yaani dawa iliyotwangwa kwa maji ikawa donge laini, kisha ipikwe *caturguṇe drave*, katika kimiminika mara nne. Mara nne ya nini? Hapa ndipo watu hugawanyika. Wafafanuzi wanaipeleka kwenye samli, kwa hiyo uwiano ni 1 kwa 4 kwa 16: kalka gramu 250, samli kilo 1, kimiminika lita 4. Anayeirudisha kwenye kalka anatia lita 1 tu. Maji yanakauka kabla kalka haijatoa kitu, inagota chini ya sufuria na kuungua, na samli inabaki na harufu ya moshi ambayo haiondoki.

Dalili za kuiva nazo zimo katika tungo. Kalka ukiiviringisha kati ya vidole igeuke utambi. Utambi huo ukitupwa motoni uwe śabdahīna, usitoe mlio. Ukitatarika, bado kuna maji. Kisha inakuja jozi ambayo lazima uielewe neno kwa neno: *phenodgamas taile, phenaśāntiś ca sarpiṣi*. Phena ni povu. Udgama ni kuibuka, śānti ni kutulia. Mafuta yameiva povu linapoibuka. Samli imeiva povu linapotulia. Anayekumbuka nusu tu, kwamba "povu ni dalili", atasubiri povu kwenye samli mpaka iungue.

Na kuna ngazi tatu za kuiva: laini (mṛdu) kwa dawa ya kutia puani, wastani (madhyama) kwa kunywa, kali (khara) kwa kuchua mwili. Ikishapita kali inaitwa dagdha, iliyoungua. Hiyo haitumiki kwa lolote, na kuichuja upya hakusaidii.

Kitunguu Thaumu

Hiyo ya povu kuibuka kwenye mafuta na kutulia kwenye samli imenitosha. Asante sana, nimeelewa.

Mwana wa Kibokoni

Niongeze upande wa matamshi, kwa sababu wengi hujifunza Ayurveda kwa maandishi ya herufi za Kilatini yasiyo na alama, na hapo hatari ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Urefu wa irabu katika Kisanskriti hubadilisha neno. Angalieni:

*vasā* ni mafuta ya mnyama, moja kati ya mafuta manne makuu ya tiba hii pamoja na samli, mafuta ya mbegu na uboho. *Vāsā* ni mmea wa kifua, Justicia adhatoda. Bila alama yote mawili huandikwa "vasa".

*bala* ni nguvu, *balā* ni mmea Sida cordifolia, *bāla* ni mtoto. Sentensi moja ya tiba ya watoto inaweza kuwa nayo yote matatu.

*kalā* ni utando wa mwili, na Sushruta anahesabu saba. *Kāla* ni wakati.

Upande wa pumzi, Kisanskriti kinatenga p na ph, k na kh, t na th. Sisi wa Mvita hatuna taabu hapo: paa la nyumba na p'aa wa porini hatuyachanganyi, wala kaa la moto na k'aa wa baharini. Chukueni hiyo p' ya p'aa mkaiweke kwenye *phala*, tunda. P ya paa la nyumba mkaiweke kwenye *pala*, kipimo cha gramu 48. Sasa *triphalā* ni matunda matatu (harītakī, bibhītakī, āmalakī) na *tripala* ni pala tatu, gramu 144. Mwalimu akisoma kwa sauti na wewe husikii pumzi, utaandika dawa mahali pa kipimo. Kimvita kina pia t ya meno na t ya ufizi, na hiyo inasaidia kusikia tofauti ya t na ṭ, ingawa ṭ ya Kisanskriti ncha ya ulimi hupinda nyuma zaidi.

Ushauri wangu: usinakili hata jina moja bila alama za urefu. Na kama unaweza, soma Devanagari moja kwa moja. Huko hakuna irabu inayoweza kujificha.

Pwani Mchuuzi

Dada na kaka zangu, kwenye majina ya mimea hapo ndipo biashara yetu ilipo, naomba nikae kidogo.

Kwanza, mmea mmoja una majina mengi na jina moja lina mimea mingi. *Amṛtā* yaweza kuwa guḍūcī (Tinospora cordifolia), au harītakī, au āmalakī. Vitabu vya majina, viitwavyo nighaṇṭu, ndivyo vinavyopanga hili. Wenye kutumika sana ni Dhanvantari Nighantu, Raja Nighantu na sehemu ya mimea ya Bhavaprakasha. Vyenyewe ni tungo za Kisanskriti, mlolongo wa visawe bila kitenzi, kwa hiyo lazima ujue kisawe kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi.

Pili, neno moja hubadilika kwa mahali lilipo. *Ariṣṭa* ni dawa iliyochachushwa kutokana na maji ya kuchemsha. Ni jina pia la mwarobaini, ambao jina lake la kawaida ni nimba. Lakini ukifungua Charaka sehemu ya tano, yenye sura 12, ariṣṭa ni dalili ya kifo kinachokaribia. *Saindhava* ni chumvi ya mawe na ni farasi pia. Mezani ni chumvi, safarini ni farasi. Huo ni mfano wa zamani sana wa walimu wa India wa kuonyesha kwamba muktadha ndio unaoamua.

Tatu, na hili ndilo linaloangusha watu dukani: Kisanskriti kina umbo la viwili, mbali na umoja na wingi. *Haridre* si manjano tu, ni haridra mbili: manjano yetu haya na dāruharidrā, mti wa Berberis aristata. *Bṛhatyau* ni bṛhatī na kaṇṭakārī. *Candane* ni msandali mweupe na mwekundu. Mnunuzi akinisomea orodha ya kumi nikampa tisa, mara nyingi kosa liko kwenye umbo la viwili alilolisoma kama kimoja.

Nne, majina yanayofanana. *Vatsaka* ni mti wa tumbo la kuhara, Holarrhena. *Vatsanābha* ni Aconitum, sumu inayosimamisha moyo, na haiingii dawani mpaka isafishwe kwa utaratibu maalumu. Maisha ya mgonjwa yamo katika silabi zinazofuata "vatsa". Usimuuzie mtu kwa kusikia "vatsa".

Tano, mikusanyo. *Trikaṭu* ni tangawizi kavu, pilipili manga na pilipili ndefu. *Hiṅgvaṣṭaka* ni hiṅgu + aṣṭaka, "vinane vya mvuje": mvuje, hizo tatu za trikaṭu, ajamodā, chumvi ya mawe, na jira ya aina mbili, nyeupe na nyeusi. Hesabu ni nane pamoja na mvuje wenyewe. Nimeona orodha za mtandaoni zenye mvuje na vingine vinane. Hizo zimekosea kukata neno. Na ukiona jina linaishia na *-ādi*, maana yake ni "kikianza na", kwa hiyo sitopalādi si dawa ya sukari ya mawe peke yake. Hiyo ni cha kwanza kwenye orodha.

Bahari ya Hindi

Naheshimu mlichosema, ila nataka kupinga hoja ya msingi. Ayurveda imeishi nje ya Kisanskriti kwa zaidi ya miaka elfu. Sushruta ilitafsiriwa Kiarabu Baghdad enzi za Abbasiya chini ya ulinzi wa akina Barmaki. Ali ibn Rabban al-Tabari, katika kitabu chake cha mwaka 850, alitenga sehemu nzima ya tiba ya Kihindi. Ashtanga Hridaya iliingia Kitibeti karne ya 11 na ikawa nguzo ya tiba yao. Sri Lanka wana Kisinhala, Kerala wana mapishi yao kwa Kimalayalam. Watu hao waliponya.

Isitoshe, Kisanskriti hakimalizi utata wa mimea. Rāsnā kaskazini mwa India ni Pluchea lanceolata, kusini ni Alpinia galanga. Brāhmī wengine wanampa Bacopa, wengine Centella. Śaṅkhapuṣpī ana mimea mitatu au minne inayogombea. Sarufi yote ya Panini, mwanasarufi mkuu wa kale wa Kisanskriti, haikuambii ni upi. Hilo linaamuliwa na mtaalamu wa mimea na kipimo cha maabara.

Mwanasarufi

Bahari ya Hindi, hoja ya pili nakubali yote, na ninaomba kila anayesoma hapa aichukue kwa uzito. Andiko linaweza kukupa sifa za mmea: jani la maṇḍūkaparṇī, mapembe ya tunda la gokṣura, harufu ya mzizi wa aśvagandhā. Halikupi sampuli mkononi. Kisanskriti kinapunguza uwezekano wa kukosea, hakifuti.

Hoja ya kwanza nasema hivi: waliotafsiri Kitibeti waliketi na wataalamu wa Kihindi na kujenga istilahi moja ya kudumu kwa kila neno. Msomaji wa Kiswahili hana kazi hiyo bado. Sisi tuna hatari ya pekee, kwamba pwani yetu tayari ina istilahi za tiba ya Yunani zilizokuja kwa Kiarabu: balghamu, safura, sauda, damu. Mtu huandika pitta ni safura, kapha ni balghamu, na anadhani amemaliza. Mfumo ule una vinne na damu imo ndani. Vagbhata anataja dosha tatu tu, yaani nguvu zinazouendesha mwili, *vāyuḥ pittaṃ kaphaś ceti trayo doṣāḥ*. Vāta, ambayo hapo inaitwa vāyu, haina mwenzake upande wa Yunani. Ukiingiza maneno ya mfumo mmoja kwenye mwingine, matibabu yanaharibika hatua ya kwanza, kwenye utambuzi. Bora kuacha vāta, pitta, kapha kama yalivyo.

Na Kerala, zile familia za waganga wa jadi ziitwazo Aṣṭavaidya huhifadhi Ashtanga Hridaya kwa moyo, kwa Kisanskriti. Kimalayalam kipo juu yake, hakikuchukua nafasi yake.

Msomi wa Usiku

Mleta uzi alitaja ukanushi mwanzoni lakini hakurudi kwake. Naomba ufafanuzi.

Mwanasarufi

Kweli, nilikuwa nakuja huko. Kisanskriti hukanusha nomino na sifa kwa a- mwanzoni: *sādhya* ni kinachotibika, *asādhya* kisichotibika. Herufi moja. Halafu maneno yakikutana huunganishwa kwa kanuni za sandhi, na hiyo a- humezwa.

Chukua *rogaḥ asādhyaḥ*, "ugonjwa hautibiki". Yakikutana, -aḥ hugeuka -o na a- inayofuata hudondoka: *rogo 'sādhyaḥ*. Alama ile ya kudondoka iitwayo avagraha huwekwa katika vitabu vilivyochapwa vizuri, lakini miswada mingi na machapisho ya zamani hayaiweki. Unabaki na *rogosādhyaḥ*. Asiyejua sandhi anasoma rogo + sādhyaḥ: unatibika. Anayejua anasimama papo hapo, kwa sababu -aḥ haigeuki -o mbele ya s. Mbele ya s ingebaki *rogaḥ sādhyaḥ*. Kwa hiyo ile -o ni ushahidi kwamba kuna a iliyodondoka, na maana ni "hautibiki". Hukumu ya kuanza au kutoanza matibabu inategemea irabu ambayo haipo kwenye karatasi.

Vivyo hivyo *sādhyāsādhya* ni sādhya + asādhya, na *pathyāpathya* ni chakula kinachofaa na kisichofaa. Ile ā ndefu katikati ndiyo iliyobeba ukanushi. Mwandishi asiyetia alama za urefu anaiua.

Msomi wa Usiku

Nimeelewa vizuri. Basi mtu aanze na nini? Sarufi ya Panini ina sutra karibu elfu nne.

Jiko la Mizizi

Usianze na Panini. Kwa kusoma vitabu vya tiba fuata mpangilio huu.

Devanagari kwanza, pamoja na herufi za kuunganika (kṣ, jñ, tv, rdhv). Kisha sandhi za irabu na za visarga (ile ḥ ya mwisho wa neno), maana hizo ndizo utakazokutana nazo kila mstari. Kisha hali nane za nomino. Zipe uzito ya tatu ("kwa, pamoja na"), ya tano ("kutoka") na ya saba ("katika"), kwa kuwa kinywaji cha kushushia dawa huja katika ya tatu, na chungu au kimiminika cha kupikia katika ya saba. Kisha maneno unganishi, samāsa. Vitenzi ni rahisi kuliko unavyodhani: vitabu vya tiba vinaagiza, kwa hiyo umbo moja hujirudia. *Pibet* ni anywe, *pacet* ni apike, *dadyāt* ni atoe, *lehayet* ni alambishe. Ile -e yetu ya mwisho inafanya kazi hiyohiyo, na Mswahili hulipokea umbo hili bila shida.

Namna ya kusoma ubeti haijabadilika: kata maneno (padaccheda), yapange kwa mtiririko wa nathari (anvaya), toa maana ya neno mojamoja, kisha ya sentensi, ndipo ufungue ufafanuzi. Mfano mfupi wa Vagbhata, sura ya 1:

*rogas tu doṣavaiṣamyaṃ doṣasāmyam arogatā*

Kata: rogaḥ, tu, doṣa-vaiṣamyam, doṣa-sāmyam, arogatā. Katika Devanagari yale mawili ya mwisho huandikwa pamoja, *doṣasāmyamarogatā*, na anayeanza hukata baada ya silabi "mya", akabaki na "marogatā" isiyokuwepo. Hakuna kitenzi, ongeza "ni" mwenyewe. Maana: ugonjwa ni kutolingana kwa dosha, na kulingana kwa dosha ni kutokuwa na ugonjwa.

Ukikwama kwenye andiko lenye utata, kuna kanuni za kufasiri ziitwazo tantrayukti. Sushruta anahesabu 32 mwishoni mwa nyongeza yake, Charaka 36. Yenye faida ya haraka ni vākyaśeṣa, kujaza neno ambalo mwandishi ameliacha kwa sababu linaeleweka, na adhikaraṇa, kuangalia mada inayotawala sura.

Vifaa vya bure mtandaoni vipo: kamusi za Chuo Kikuu cha Cologne ambamo Monier-Williams ya 1899 imo, chombo cha kukata sandhi cha Gérard Huet cha Ufaransa, na matoleo ya kidijitali ya Charaka, Sushruta na nighaṇṭu yaliyowekwa na taasisi ya historia ya tiba iliyoko Hyderabad. Tahadhari mbili. Monier-Williams mara nyingi hutoa majina ya mimea kwa maarifa ya karne ya 19, kwa hiyo usinunue dawa kwa kuitegemea. Na chombo cha kukata hukupa njia kadhaa. Kuchagua ni kazi yako.

Mama Ilala

Samahani wakuu, mimi si mwanafunzi, ni mnunuzi. Kuna chochote humu cha kunisaidia nikisoma kopo la dawa ya Kihindi?

Pwani Mchuuzi

Kipo, mama, na ni muhimu sana. Angalia mwisho wa jina. *Cūrṇa* ni unga, *ghṛta* samli ya dawa, *taila* mafuta, *vaṭī* au *guṭikā* vidonge, *avaleha* ya kulamba, *āsava* na *ariṣṭa* zilizochachushwa na zina kilevi kidogo. Neno la kukufanya usimame ni *rasa*. Katika vyakula ni ladha, katika mwili ni majimaji ya kwanza yatokanayo na chakula, katika *svarasa* ni maji yaliyokamuliwa. Ila likisimama mwishoni mwa jina la dawa, mara nyingi ni zebaki au madini yake. Tribhuvanakīrti rasa ina hiṅgula, ambayo ni madini ya zebaki, na ina vatsanābha pia. *Bhasma* ni metali au madini yaliyochomwa mpaka yakawa unga. *Nāga bhasma* ni ya risasi.

Na jina lisilo na rasa si dhamana. Mahāyogarāja guggulu kwa fomula ya Sharangadhara ina bhasma kadhaa, ya risasi ikiwemo, na jina halisemi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulipima bidhaa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani eneo la Boston, Marekani, na 14 zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Kwa mjamzito, mtoto, au mwenye shida ya figo, usitumie chochote cha aina hiyo bila daktari kujua.

Mama Ilala

Ahsante baba, ubarikiwe. Nitasoma mwisho wa jina kwanza.

Msomi wa Usiku

La mwisho kwangu. Naona mapishi yanasema prastha moja ya maziwa, wengine wanatia mililita 768, wengine lita moja na nusu. Nani yuko sahihi?

Jiko la Mizizi

Ni kanuni ya kuzidisha vimiminika, dravadvaiguṇya. Sharangadhara anasema tangu guñjā, kipimo kidogo cha punje, *yāvat syāt kuḍavasthitiḥ*, hadi kufikia kuḍava, kikavu, kibichi na kimiminika hupimwa sawa. Kuḍava ni pala 4, gramu 192. *Yāvat* peke yake haisemi kama kuḍava imo au haimo, lakini mstari unaofuata unaanza kuzidisha na *prasthādi*, "kuanzia prastha", kwa hiyo kwake kuḍava inabaki sawa. Prastha ni pala 16, gramu 768 kwa vikavu. Kwa maziwa, mafuta au mmea mbichi inakuwa 1,536. Kipimo cha tulā, pala 100, hakizidishwi kamwe, na amelisema hilo wazi.

Waandishi wengine huanza kuzidisha kwenye kuḍava yenyewe, kwa hiyo tumia kanuni ya kitabu ulichotolea pishi, usichanganye. Na ukizidisha maziwa, hakikisha samli nayo imezidishwa kama imetajwa kwa prastha, kwa sababu ni kimiminika pia. Wengi huzidisha kimoja wakaacha kingine, uwiano wa 1 kwa 4 unavunjika, na pishi linachukua saa nyingi zaidi kufikia utambi.